Kinu cha Chupa

Kaka Shija tulimzika masika haya, Mpanda nzima ikiwa tope la kumeza gumbuti, na kabla udongo haujakauka kwenye majembe, shemeji yangu Mama Vero alikuwa ameshaning'ata. Nilikuwa napita kwenye mlango wa sebule walipokaa wanawake juu ya mikeka, nimebeba ndoo ya maji kama mfiwa mwenye adabu zake, ndipo nikamsikia akimweleza jirani mmoja mgeni, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka Sumbawanga: "Huyo ndiye mdogo wa marehemu. Yule aliyetaka kutumaliza kwa chupa." Yule jirani akanikagua kuanzia ndala mpaka upara, halafu akasogeza kikombe chake cha chai mbali na ndoo yangu. Mimi ambaye nikianza kuongea kwenye harusi inabidi wapige muziki ndio ninyamaze, nilitua ndoo, nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua mbele ya gereji ya kaka. Humo ndani kuku walikuwa wanapiga kelele. Wamejaa mpaka kwenye madirisha. Shemeji alishinda vita ya gereji ile, na mtu aliyeshinda mwenzake ungedhani angechoka kumsema, lakini wapi.

Nimeitwa mengi maishani na mengi nimeyakubali. Mlafi, nakubali. Mwongo wa kuchekesha, nakubali, na nyie mtakaosoma hapa mkikuta nimezidisha chumvi kidogo mvumilie, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini muuaji sijakubali hata siku moja, na kwa kuwa jina hilo nilipewa katika mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka huo nitausimulia hapa wote, na chumvi nitaipunguza.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kiuno cha nyigu, na nilikuwa nasoma masomo ya jioni. Tulisomea kwenye madarasa ya shule ya msingi, watu wazima wenye ndevu tumekunjwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusana na masikio. Mchana sikuwa na kazi ya maana. Nililala kwa kaka kwenye chumba kidogo kilichoshikana na chumba chake na mkewe, na ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye bati. Ulikatika juu kidogo ya kichwa, kwa hiyo maneno yote ya upande ule yalipanda, yakakata kona, yakanidondokea kitandani. Upande wa pili wa nyumba kulikuwa na gereji. Gari halikuwepo. Kaka aliijenga gereji kwanza kwa imani kwamba gari litafuata, kama mtu anayenunua mbeleko kabla ya kuchumbia. Na aliijenga kwa hasira, kubwa kupita kiasi: ukipiga chafya mlangoni, mwangwi unakujibu ukiwa umeshasahau mafua yenyewe. Shemeji aliitaka ile gereji kwa ajili ya kuku wa nyama. Alikuwa ameshanunua vyombo vyao vya maji, vile vyekundu, amevipanga juu ya kabati la sebuleni kama vikombe vya ubingwa. Nikaja mimi na mashine, kaka akanipa gereji, na vyombo vile vikabaki kabatini vikinitazama kila nilipokula.

Mashine yenyewe niliiona kwanza kwenye simu ya mwanafunzi mwenzangu. Mzungu mmoja anaingiza kabureta jeusi kama dhambi ndani ya sanduku, anaingiza na mikono kupitia glavu zilizofungwa kwenye sanduku lenyewe, anapuliza, anatoa kabureta jeupe kama kikombe cha komunyo. Si mchanga mkavu alikuwa anapuliza. Mchanga mkavu unakwangua alumini kama kisu kinavyokwangua muhogo, na vumbi lake linahamia kifuani kwako. Yule alipuliza maji yaliyochanganywa na chembe laini za kioo, yakisukumwa na upepo wa kompresa. Maji yanafanya kazi ya mto wa kulalia: chembe inateleza juu ya chuma, inaondoka na uchafu, chuma kinabaki laini. Nikamwonyesha Zabroni, fundi pikipiki kutoka Katumba aliyekuwa na kibanda jirani na stendi. Miaka ile bodaboda walikuwa wameingia Mpanda kama kumbikumbi, na kila anayetaka kuuza pikipiki yake alitaka injini ing'ae. Zabroni akaitazama ile video mara tatu, akasema, "Kashindye, ukitengeneza hiyo, mimi nitakuletea makava ya injini mpaka uyaote."

Basi nikatengeneza. Mwili wake ulikuwa friji la kulala, lile refu la kufunguliwa kwa juu, lililokufa kwenye hoteli moja na kutupwa uani likaota majani. Kwenye mfuniko nikakata dirisha, nikaweka kioo cha mlango wa lori. Ndani ya kioo nikafunga waipa ya lori hilohilo, unaizungusha kwa mkono kufuta ukungu. Mbele nikatoboa matundu mawili ya mikono. Glavu nilizopata zilikuwa fupi, nikakata shingo za gumbuti nikaziunga, ikawa ukitumbukiza mikono unajisikia kama unazalisha ng'ombe. Chini nikakata, nikachomelea bati la umbo la faneli linaloshusha maji kwenye ndoo, na kutoka kwenye ndoo mpira mmoja unayanyonya tena kwenda kwenye bunduki. Bunduki ilikuwa ya kupulizia rangi, nimeipanua mdomo. Kompresa niliinunua kwa mziba pancha aliyestaafu. Ilinguruma kama simba mwenye pumu. Siku ya kwanza nilipoiwasha, mbwa wa mtaa walihama, na wawili sijawaona mpaka leo.

"Profesa," shemeji aliniita mlangoni, mkono kiunoni. Profesa ndilo jina alilonipa kwa sababu ya masomo ya jioni. "Hilo jeneza lako litanyamaza saa ngapi?"

"Si jeneza shemeji, ni friji."

"Friji watu wanaweka nyama. Wewe humo unaweka nini?"

"Makava ya injini."

"Mume wangu amejenga gereji ya gari, ndugu yake anaoshea makava." Akamgeukia jirani aliyekuwa ukutani, kwa sauti ya kunipitia juu ya kichwa. "Shoga, mimi nimeolewa na ukoo mzima. Nilipewa mume, nikaongezewa na friji bovu."

Chuki yake ilikuwa na ratiba. Mezani alinipakulia ya mwisho, na alijua kupakua. Wali ukiwa wa Mpimbwe, ule wa kwao unaonukia mpaka barabarani, mimi nilipata ukoko. Samaki akija mgebuka, mimi nilikuwa mtaalamu wa kichwa. Nilitafuna vichwa vya migebuka vingi kiasi kwamba nilianza kufikiri kama samaki. Jioni, baada ya chakula, maneno yalipanda ukuta. "Shija, mdogo wako anamaliza umeme wa luku." Kimya. "Shija, kuku wangu wangekuwa wameshakua." Kimya. "Shija, hivi ulinioa mimi au ulimwoa Kashindye?" Hapo kaka alikohoa. Kaka alikuwa mtu wa kukohoa. Kila alipotakiwa kusema neno linalomkata mtu mmoja, alikohoa, na kila upande ukachukua kikohozi kile ukaenda nacho nyumbani kama ushindi. Na mimi, nisijifanye malaika, nilimjibu shemeji kwa makusudi kwa kuwasha kompresa kila alipoanza kusali rozari. Tulichukiana kwa bidii. Tungelipwa mshahara kwa kazi ile tungejenga ghorofa.

Mashine ikawa inaguna lakini haifanyi kazi. Nilijaribu mchanga wa mto nilioupepeta kwa chujio la chai. Ukaziba mdomo wa bunduki, na ulipopita ukatafuna. Zabroni alipotoa kava la kwanza akaligeuza juani, akaniuliza, "Hili umelisafisha au umelipa ndui?" Chembe za kioo zenyewe, zile za mviringo za kwenye video, hata Mbeya hazikuwepo. Ndipo nikafikiria chupa. Chupa Mpanda hazijawahi kupungua. Nikaanza kuziponda ndani ya kipande cha bomba la chuma, lakini kutu ikaingia kwenye unga, maji yakawa mekundu, alumini ikatoka na madoa. Nilitaka kitu kisicho na kutu, kirefu, kisichorusha vipande usoni. Jibu lilikuwa kwenye kila jiko la mkoa mzima. Nikaenda Katumba kwa mchongaji, nikanunua kinu.

Kilikuwa kinu cha mninga, kipya, chekundu, tumbo lake laini, mchi wake mzito. Hakuna mwanaume aliyewahi kubeba kinu kwenye baiskeli kutoka Katumba mpaka Mpanda bila kuulizwa anaoa lini, na mimi niliulizwa na kijiji baada ya kijiji. Niliponda chupa zikiwa zimelowa ili vumbi lisiruke, nikapepeta kwa kitambaa, nikamimina maji. Vumbi la mti likaelea juu nikalimwaga, unga wa kioo ukabaki chini, mzuri, mlaini kama sembe. Lakini niliona pia kitu kingine. Tumbo la kinu lilianza kung'aa. Kioo kilikuwa kinaingia kwenye mti na kukaa humo. Ukipitisha kidole kikavu huoni kitu. Ukikileta juani, kidole kina nyota.

Kwa hiyo nilisema. Hapa ndipo penyewe, na sitatia chumvi hata punje. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tuko mezani watatu, viazi vitamu na chai. Shemeji alikuwa amekiona kinu kupitia mlango wa gereji.

"Profesa, unaoa?"

"Sioi, shemeji. Kile ni cha kupondea chupa. Naomba kisiguswe kwa chakula. Kioo kinaingia kwenye mti, hata ukiosha mpaka Pasaka hakitoki."

"Cha kupondea chupa." Akamgeukia kaka. "Unamsikia mdogo wako? Mimi changu kimepasuka tako, kisamvu kinavujia chini, yeye ananunua kinu cha mninga anapondea chupa. Wasukuma nyie, uchoyo mnazaliwa nao au mnafundishwa machungani?"

"Shemeji, si uchoyo, ni hatari."

"Hatari! Kinu ni kinu. Kikioshwa kimeoshwa."

Kaka alikuwa anakoroga chai. Sukari ya kikombe kile ilikuwa imeyeyuka tangu enzi za mkoloni, lakini alikoroga. Akakohoa. Shemeji akachukua kikohozi chake, mimi nikachukua changu, tukaondoka mezani kila mtu na msimamo wake. Nikitazama nyuma najua kwamba hakuniamini. Hakuwa mtu mbaya wa kulisha watu kioo. Alikuwa mtu mwenye kiburi aliyeona kinu kizuri na kusikia kisingizio cha mtu mchoyo. Nani amewahi kusikia kinu kisichokuwa cha chakula? Hata mimi ningeambiwa kwamba kuna kitanda kisicho cha kulalia ningecheka.

Mashine sasa ikaimba. Kava la pili la Zabroni lilitoka jeupe, laini, linateleza kama kisigino cha mtoto. Wakaja bodaboda wenyewe, wakapanga kabureta zao mlangoni pa gereji kama wagonjwa. Nilifanya kazi mchana, nikasoma jioni, na kwa mara ya kwanza maishani nilitembea Mpanda nikisikia watu nyuma yangu wakisema "ndiye huyo" kwa wema. Furaha ile niliila kwa wiki chache tu.

Siku moja wazazi wa shemeji walishuka kwenye basi bila taarifa, kutoka kwao Mpimbwe. Baba yake, mzee Anselmi, na mama yake, na gunia la mchele, na jogoo aliyefungwa miguu. Mimi sikujua, nilishinda kibandani kwa Zabroni. Nilirudi mchana ukiwa unaelekea alasiri, nibadilishe shati niwahi darasa. Kabla ya kuona mtu yeyote niliona kinu. Kilikuwa kimeegeshwa nje ya jiko, kimeinamishwa kikauke, kinachuruza maji, na mdomo wake ulikuwa na kijani.

Kisamvu.

Miguu ilijua kabla ya kichwa. Barazani kaka na mkwe wake walikuwa wameshanawa, ugali katikati unafuka moshi, bakuli la kisamvu cha karanga kando yake. Mzee Anselmi alikuwa amemega, amechovya, mkono uko njiani kwenda mdomoni. Mimi nikampiga kofi la mkononi. Nielewane na wasomaji wasio Wasukuma: kwetu mkwe ni mtu ambaye hata kivuli chake unakikwepa. Kaka yangu, miaka yote ile ya ndoa, hakuwahi kumtazama mzee yule usoni sawasawa. Mimi nikampiga kofi. Tonge likaruka, likaangukia mgongoni kwa jogoo. Nikalipindua bakuli kwa mguu, nikapita kama upepo mpaka jikoni, mama mkwe akapiga kelele, nikaikamata sufuria kwa mikono mitupu, nikaimwaga yote kwenye majivu, Vero mdogo, binti wa kaka, akiwa amekaa kwenye kigoda na sahani yake tupu akinitazama kama sinema. Viganja viliungua. Mpaka leo kimoja kina kovu, nalionyesha kwa atakaye.

"Kijana," mzee Anselmi alisema niliporudi, bado ameushika mkono wake, "wewe ni mlevi au ni kichaa? Nijue nikulilie lipi."

"Baba, kuna chupa ndani. Kinu kile ni cha chupa. Umeshakula?"

"Tonge moja."

Nikachota kidogo kwenye kisamvu kilichomwagika, nikakipaka juu ya sahani nyeupe, nikamwaga maji taratibu, majani yakaondoka, nikaiinamisha sahani juani. Ikang'aa. Si sana. Ilitosha. Shemeji alikuwa amefika mlangoni na mwiko mkononi, akaiona ile sahani, nami nikamwona anaiona. Uso wake ulibadilika rangi, midomo ikacheza, na kama angesema wakati ule "Mungu wangu, sikukuamini," maisha yetu yote yangekwenda njia nyingine. Lakini mama yake alikuwa nyuma yake, amemshika bega, anauliza, "Mwanangu, umetupikia nini?" Na shemeji akaninyooshea mwiko.

"Muulizeni huyu! Yeye ndiye aliyenipa kinu!"

Mzee alipelekwa hospitali, akarudi mzima kabisa, akilalamika tu kwamba hajashiba. Kesho yake kikakaa kikao. Baba mdogo wetu aliitwa kutoka Kasekese aje asimamie. Alifika na vumbi la safari mpaka kwenye kope, akapewa kiti cha mbele. Walikaa sebuleni, chini ya vyombo vyekundu vya kuku. Mimi nilikaa kwenye stuli karibu na mlango, viganja vimefungwa vitambaa. Shemeji alisimama, na nasema kwa haki yote kwamba sijawahi kusikia mwanasheria akiongea vile.

"Alikileta mwenyewe jikoni. Akasema, shemeji, chako kimepasuka, tumia hiki. Nikamshukuru! Nikasema leo Profesa amekuwa ndugu. Kumbe alitutegea sisi, mimi na mume wangu na mtoto, abaki na nyumba. Alipoona wageni, akaogopa kuua watu wengi, ndio akamwaga. Kama hakuwa na nia mbaya, alijuaje haraka vile?"

"Nilijua kwa sababu kinu ni changu!" nikapaza sauti. "Na nilikwambia kisiguswe! Kaka alikuwepo!"

"Uliniambia lini? Wapi?"

"Jumapili, mezani, tunakula viazi!"

"Mwongo. Nyie si mnamjua huyu? Huyu si ndiye aliyewaambia watoto wa mtaa kwamba amepanda kiboko kule mto Katuma?"

Watu wakacheka. Nilikuwa nimewaambia, ni kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: miaka yote nilichekesha watu kwa uongo mtamu, siku niliyoleta ukweli mmoja, mkavu, hakuna aliyekuwa na mahali pa kuuweka. Baba mdogo akainua mkono, kicheko kikaisha, akamgeukia kaka.

"Shija. Mdogo wako anasema alimwonya mkeo, na wewe ulikuwepo. Ni kweli au si kweli?"

Nilishusha pumzi. Nakumbuka vizuri kwamba nilishusha pumzi, kama mtu aliyeona basi lake. Kaka alikuwa anatazama mikono yake. Mzee Anselmi alikuwa anamtazama. Mama mkwe alikuwa ameshafunga vitu vyao, gunia tupu limekunjwa miguuni. Vero alikuwa amelala mapajani kwa mama yake. Nikasubiri kikohozi, maana hata kikohozi kingenifaa. Hakukohoa.

"Sikumbuki," alisema.

Basi. Baba mdogo akahukumu kama alivyoweza: polisi tusiende, sisi ni ukoo, lakini kijana aondoke na vyombo vyake kabla jua halijazama. Mzee Anselmi alitikisa kichwa, akasema kwamba yeye kwa kweli haelewi kama aliyempiga kofi anatakiwa kumshukuru au kumshtaki, na kwa kuwa haelewi ataondoka na basi la asubuhi. Shemeji aliketi. Hakunitazama. Alishika kile kitoto chake kwa nguvu mpaka kikaamka.

Nikakodi mkokoteni. Friji lilipakiwa, kompresa juu yake, na mipira imening'inia kama matumbo. Kinu nilikipasua kwa shoka pale pale uani, mbele ya wote. Nilipoinama kusukuma, mikono miwili ikashika upande wa pili. Alikuwa kaka. Tukasukuma pamoja barabara nzima ya kwenda stendi, mtaa umetoka nje kutazama mwenye nyumba akimsaidia kuhama mtu aliyemfukuza. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba ningeweza kulisukuma lile friji mpaka Tabora peke yangu, juu ya reli. Tulipofika penye mteremko ambapo nyumba zinapungua, akasema bila kuinua uso.

"Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Ulivyomwambia. Mezani. Nilisikia neno kwa neno."

Nikaachia mkokoteni. Ukarudi nyuma, akauzuia kwa kifua.

"Na mbele ya kikao ukasema nini?"

"Wazazi wake walikuwa pale, Kashindye. Mama yake alikuwa ameshafunga mizigo. Ningesema ninayoyajua, angeondoka nao, kwa aibu tu, na Vero angekwenda naye. Wewe ukiondoka unaondoka na friji."

"Naondoka na jina la muuaji, kaka."

"Wewe una mdomo. Jina lolote utalicheka mpaka liishe. Yeye hawezi." Akapangusa jasho kwa bega. "Nakuomba hili moja. Usiseme mbele ya watu kwamba mimi nilijua. Ukisema, nimebomoa nyumba mara mbili: yetu leo, na yangu kesho."

Sikumwambia ndiyo. Nilimwambia asukume, maana Zabroni anafunga mapema. Akasukuma mpaka mwisho, akasaidia kushusha, akafuta mikono kwenye suruali, akarudi kwake.

Pale kwa Zabroni mashine ilifanya kazi miaka mingi. Chupa nilizisagia kwenye pipa la plastiki lenye mawe, nikilizungusha kwa mota. Bodaboda walinitania: "Fundi Chupa, tusipolipa utatupikia?" Nami nilicheka kwa sauti kuliko wao wote, kama kaka alivyotabiri. Cheti cha jioni nilikipata. Kaka alikuwa anapita Jumamosi, anasimama nje ya kibanda, haingii, anauliza kazi inaendaje. Nilimjibu kama unavyomjibu karani wa dirishani: inaendelea. Angesimama kidogo, aangalie kava linavyotoka jeupe, aseme "safi," aende. Ningeweza kumwambia aingie. Stuli ilikuwepo. Sikumwambia, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa sababu nilimkasirikia mtu huyu kuliko nilivyomkasirikia mkewe. Yule alidanganya kwa woga, huyu alinitoa sadaka kwa hesabu, na hesabu yenyewe, nikiipiga upya usiku wa upara wangu huu, naona ilikuwa sahihi. Hapo ndipo inapouma. Nyumba yake ilisimama. Vero alikua ndani yake, akasoma, sasa ni mwalimu. Kuku wakajaa gereji. Na mimi sikufa.

Siku ya kuanua matanga, wiki ileile ya mazishi, ukoo ulikaa tena sebuleni. Baba mdogo wa Kasekese ameshatangulia siku nyingi, alisimamia mwingine. Ilipofika zamu ya ndugu wa marehemu kuongea, shemeji alisema wazi, bila kunong'ona safari hii, kwamba mtu mwenye historia ya sumu asipewe nafasi ya kuongea kwenye nyumba hii. Niliinuka. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni, yote, na nilikuwa na haki nayo. Vero alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni, amefunga kanga kiunoni, macho mekundu kwa kumlilia baba yake, akinitazama na kusubiri. Nikasema tu kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, Mungu amlaze pema, nikaketi. Shemeji akatabasamu. Sijamsamehe, na sijaombwa msamaha, kwa hiyo hapo tunakwenda sawa.

Kaka aliniomba nisiseme mbele ya watu, na mbele ya watu sijasema. Hiki ni kitabu. Kila mtu anakisoma peke yake. Nakala ya kwanza nitampelekea Vero. Na shemeji akiona nimemwonea, kalamu zinauzwa kila duka Mpanda.